Kisanduku Kidogo Kilichomsikia Mama

Mwaka wa 1971, nikiwa na miaka tisa, baba alikufa na shule ikaniishia darasa la pili. Kuandika nilijifunzia sokoni Kanyakine, nikiweka majina ya watu kwenye magunia ya viazi. Sioni haya. Wenye digrii hununua mbegu kwangu.

Lakini mwaka jana nilishindwa na sauti ya mama yangu. Amepita miaka tisini, na nyimbo za kuvuna mwere, yaani mawele, amebaki nazo yeye peke yake. Kila mwezi sauti inapungua. Nilipomrekodi kwa kompyuta yangu kuukuu, nilisikia mvumo tu, kama nzi ndani ya chupa. Mama hasikiki.

Binti yangu, mwalimu kule Karurumo, ndiye aliyeniwekea Linux badala ya Windows kwenye hiyo kompyuta. Akaniambia, "Baba, nunua intafesi, kisanduku cha kupitishia maiki kwenye USB. Lakini uliza kwanza kama kinafanya kazi na Linux bila draiva, ile programu ya kukiendesha."

Niulize nani? Nimenunua mafahali miaka arobaini bila kuuliza mtu. Nikachukua kizito, chenye vitufe vingi. Siku tatu kompyuta haikukitambua, na mwenye duka akakataa kukipokea tena.

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Ulinunua pembe, wewe! Ng'ombe wa maziwa si hukamuliwa kwanza?"

Mwalimu wa kwaya kanisani kwetu anatumia Windows. Akachukua kile kizito, akanipa maiki yake tukawa tumebadilishana. Kisha nikatia kompyuta nzima kwenye gunia, na skrini yake, nikaenda Embu, duka lingine pale mtaa wa Dallas.

"Mzee, umeleta viazi?" muuzaji akauliza.

"Nimeleta ndoo. Leo nakamua kabla ya kulipa."

Akacheka, lakini akachomeka visanduku kimoja kimoja. Cha kwanza, kimya. Cha pili kilikuwa kama kipande cha sabuni, matundu mawili tu, na jina lake likatokea kwenye orodha papo hapo. Nikasalimia maiki kwa Kimeru, nikajisikia kwenye hedifoni. Safi, bila draiva.

Jumapili baada ya ibada mama aliketi jikoni akaimba nyimbo saba. Katikati ya wimbo wa nne alisahau maneno, akanitukana mimi, akaanza upya. Tusi hilo sijalifuta.

Leo nina ekari mbili za chai, ng'ombe watatu, nyumba ya mawe, kompyuta kuukuu, kisanduku cha matundu mawili, maiki moja, na nyimbo saba za mama. Wa nane aliukumbuka jana. Ananingoja.