Lituma Haikuandikwa

Miaka tisa Mama Colette alipika katika tawi la mgahawa wa Osée, mtaani Mangobo. Jiko lake, jasho lake, lakini ubaoni jina la Osée, na hata namna ya kukata kitunguu aliamua Osée. Alipochoka akaaga. Hapo ndipo akakumbushwa mkataba: kwa miaka miwili asiuze mjini Kisangani chakula chochote kilichomo katika orodha ya mgahawa ule.

Miaka miwili! Mama wa miaka hamsini na moja, ambaye tangu utotoni kwao Yanonge hajui kazi nyingine ila kupika, akae kuutazama mto? Siku ya kwanza alilia. Sitaki kumsingizia ushujaa. Siku ya pili akavaa miwani, akaisoma orodha: kuku, pondu ya majani ya muhogo, samaki wa liboke aliyefungwa majanini, wali, viazi vya kukaanga. Akairudia, akacheka mpaka jirani akachungulia.

Lituma haikuwamo. Ndizi za kuchemsha na kutwanga huliwa kila nyumba ya Kisangani, lakini Osée aliona aibu kumwandalia mteja mwenye tai. Kwake lituma ilikuwa ya wapishi, kule uani. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Juma lilelile Colette akaweka kinu chini ya turubai, ng'ambo ya barabara kutoka mgahawani, akauza lituma kwa mchuzi wa samaki wa moshi. Alhamisi adhuhuri Osée akatokea, mkataba mkononi. Wapishi wake wawili, waliokuwa wakila pale, wakainamia sahani.

“Mama Colette, kontra iko wazi.”

“Bon, papa Osée, soma. Lituma iko wapi?”

Akasoma. Akageuza karatasi, akatazama hata mgongo wake.

“Mais lituma haiko chakula ya resto!”

“Alors miye sina resto. Ikala, ukule.”

Watu wakaangua kicheko. Osée akakaa, maana njaa haina hasira. Akamaliza donge la kwanza, akamaliza la pili, akapangusa vidole.

“Tufanye kontra ingine, mama. Uuzishe hii mu resto zangu zote, na jina yangu.”

Kabla Colette hajajibu, kijana wa toleka, abebaye abiria kwa baiskeli, aliiegemeza karibu na kinu, akapaza sauti katika simu: “Niko hapa kwa Mama Colette! Kuya mbio, itaisha!”

Turubai halikuwa na maandishi yoyote. Miaka tisa Colette hakuwa amesikia mtu akipaita mahali kwa jina lake.

“Hapana, papa Osée,” akasema, akiushika mchi. “Nikuongeze?”