Binti Yangu Anakuja Kusikiliza Tarumbeta Langu, na Tarumbeta Halitoi Sauti

Admin, nifiche jina, na bendi yetu pia ifiche. Wafuasi wako wote marahaba, nimeitikia mapema kwa sababu najua wengi hamtaniamkia. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu akaniruhusu niondoke kwa moyo mweupe kabisa. Tangu ujana napuliza tarumbeta kwenye bendi ya dansi. Tunazunguka na gari letu bovu, leo Kahama, kesho Geita, keshokutwa kijiji cha wachimba dhahabu ambacho hata jina bado hakijapata.

Mwaka jana tukiwa Kalangalala nilitafuna muhogo wa kuchoma, meno mawili ya juu ya mbele yakabaki kwenye muhogo. Chekeni tu. Mpuliza tarumbeta bila meno hayo mdomo hauna pa kuegemea, unatoka upepo mtupu. Nikaweka ya bandia, nikipuliza yanateleza kama ndala. Siku moja nilifanya mazoezi gesti, mhudumu akagonga mlango: "Babu, mtungi wako wa gesi unavuja?"

Kiongozi wa bendi sikumwambia. Nilimwambia mwenzangu tu ninayepuliza naye. Tukakubaliana yeye apulize kwa nguvu, mimi nisimame naye bega kwa bega, nivimbishe mashavu na kuchezesha vidole. Wachimbaji wakawa wananibandika noti kwenye paji la uso, wanasema mzee bado yumo. Nilinogewa, siwafichi.

Sasa mwenzangu kapasuliwa ngiri. Daktari kamkataza kupuliza hata jiko la mkaa.

Na Jumamosi hii tunapiga Tinde, nyumbani, anakoishi binti yangu. Mama yake alipofariki mimi nilikuwa Nyahanga na bendi. Taarifa niliipata mchana, nikasema nimalize onyesho kwanza, maana tuna matarumbeta mawili tu. Nilifika kaburi limeshafukiwa, nikashuka kwenye basi na tarumbeta begani. Binti hakugomba. Aliniuliza tu, "Baba, umeshakula?" Halafu akanyamaza miaka tisa.

Juzi kapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Nasikia mnakuja. Nitakaa mbele kabisa. Nataka nilisikie mwenyewe hilo tarumbeta, nijue lilikuwa na nini hata ukaacha mama azikwe na majirani."

Na mimi, mdomo wangu huu usio na meno, nikajibu, "Njoo mwanangu, utalisikia."

Kila siku nalijaribu. Upepo. Nikisingizia homa, nitakuwa nimemkimbia mara ya pili. Nikimweleza ukweli, ataona ni mzaha wangu uleule wa siku zote. Nikipanda jukwaani, atakaa pale mbele asikie upepo, na atajua mama yake aliachwa kwa ajili ya upepo.

Nishaurini wanangu, hata mnaocheka. Jumamosi nisimame wapi?