Mtoto Aliyelala Kupita Kiasi

Wamama, mtoto asiyelia musimsifu haraka.

Michée wangu, kichanga bado, siku hiyo alilala tangu asubuhi. Nikimpa ziwa, anavuta kidogo, anaacha. Nikimfinya kisigino, kimya.

"Ni huyo Mama Akimana amemuroga," mama yangu akasema. "Jana alimupakata. Sikukuambia?"

Mama Akimana ni jirani yetu hapa Mulongwe. Tangu nizaliwe, mama hamsalimii.

Minye mwenyewe, kidonda cha kupasuliwa nilipomzaa kilikuwa bado kinauma. Nikameza codéine, dawa ya maumivu niliyoandikiwa, nikanywa uji wa karanga ili maziwa yashuke, nikamnyonyesha tena.

Akazidi kulegea. Midomo ikaanza kuwa ya buluu.

"Twende kwa chumba ya maombi."

"Mama, minye naenda hospitali."

Docteur Révérien, yule aliyenipasua, alimuona mtoto, kisha akanigeukia.

"Weye, ukimeza hii codéine, unajisikiaje?"

"Nalewa, docteur. Niko naona usingizi tu."

Akashika kichwa. "Acha kumunyonyesha. Sasa hivi."

Jamani. Mzazi unaambiwa maziwa yako ndiyo hatari.

Wakampa mtoto oksijeni na sindano. Docteur akanieleza: ametoka mu formation, mafunzo ya madaktari, wanafundishwa kupima damu kabla ya kuandika dawa, wajue mwili wa mtu umerithi nini. Kuna miili inayogeuza codéine kuwa morphine, dawa kali inayolaza na kukata pumzi, upesi mno. Inapita mu maziwa.

"Ni minye nilikuandikia," akasema polepole. "Nilikuwa sijafundishwa."

Kesho yake Michée alilia hadi mama wa kitanda cha pili akauliza kama tuko tunamchoma. Nilicheka mpaka kidonda kikauma.

Damu yangu ilitumwa mbali. Majibu yakarudi: ndiyo, ni mwili wangu.

"Inarithiwa," docteur akasema. "Kwa baba ao kwa mama."

Mama akavuta kiti, akaketi. Kisha: "Mutoto wangu wa kwanza alilala hivi hivi. Minye pia walinipasua, wakanipa vidonge vya maumivu. Hakuamka."

"Siwezi kuhakikisha, mama. Lakini inawezekana."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nilikuwa na kaka. Na kwamba jirani aliyempakata kabla hajafa alikuwa Mama Akimana.

Tuliporudi, mama hakuingia kwetu. Alisimama mbele ya mlango wa jirani, anashindwa kubisha.

Mlango ukafunguka.

"Ingia," Mama Akimana akasema. "Nilizani utakufa bila kukanyaga humu."

Wamama, ukipewa dawa na uko unanyonyesha, mwambie daktari namna mwili wako unavyoipokea, na wa mama yako pia. Damu yenu iulizwe kwanza, kabla hamjamuuliza jirani.