Kitanda cha Tatu

Mke wa fundi vitanda alipoona mbao mpya zinaingia uani, alijishika kiuno. Kitanda cha tatu hicho, na mwaka haujaisha.

Cha kwanza, kile walichooania, mumewe alikiuza ghafla, eti kifupi, kinamkunja mgongo. Cha pili kikapewa kosa la kulialia. "Kitanda kikilia, mwanamume anakosa utulivu," alisema, kwa sauti ileile anayowapigia nayo porojo wateja. Sasa anataka kipana. Jamani, mtu aliyezeeka akiwatengenezea vitanda maharusi wa mtaa mzima, jogoo wake akishindwa kupanda mtungi atamlaumu nani kama si kitanda?

Majirani nao hawakumsaidia. "Wenzetu mambo moto," shoga yake wa nyumba ya pili alimtania. "Hata vitanda havihimili!" Mke akacheka, huku moyoni anaungua. Angesema nini? Kwamba mwaka mzima mumewe anageukia ukutani? Alishafikiri kuna mwanamke wa nje. Alinusa mashati yake yote asipate kitu ila vumbi la msasa na jasho.

Na hilo jasho lilikuwa jingi kuliko kazi yenyewe. Zamani fundi alibeba ubao wa kichwani mwa kitanda kutoka uani hadi chumbani huku anapiga mluzi. Siku hizi anasimama mlangoni, mkono kifuani, anatafuta pumzi. "Vumbi la mbao," anasema. Kila ugonjwa wake una ubao wa kusingiziwa.

Siku hiyo aliutua ubao, akaukalia, midomo imempauka.

"Twende hospitali," mke alisema, "au mbao zako leo nazipikia maharage."

Akaenda, amenuna njia nzima. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, akampima presha, akarudia kuipima. Akauliza habari za sigara, za kisukari kwenye ukoo, za kubanwa kifua. Kisha akauliza, "Na mambo ya chumbani, baba?"

"Safi kabisa."

Mke akamtazama. Alikuwa ameilinda heshima ya huyu mtu mpaka imemchosha.

"Si safi, daktari. Mwaka mzima hakuna kitu, yeye anabadilisha vitanda tu. Na chini ya godoro kaficha unga wa nguvu kauziwa stendi."

"We mama, unanivua nguo mbele za watu?"

Daktari hakucheka. "Mficha maradhi kifo humuumbua, baba. Mishipa ya damu ya huko chini ni myembamba kuliko ya moyo. Mafuta yakianza kuganda ndani ya mishipa, penye wembamba ndipo panapoziba kwanza, mambo yakalegea. Moyo unaweza kufuata baadaye. Si kwa kila mwanamume. Wengine ni mawazo, wengine ni kisukari. Lakini wewe presha iko juu, na kifua kinakubana ukibeba mzigo. Hilo si vumbi. Unga huo utupe. Hatujui umetiwa nini, na ukikutana na dawa za moyo presha inaweza kushuka ukaanguka. Leo huendi nyumbani mpaka tukupime moyo."

Wakakaa kwenye benchi la ukumbini kusubiri. Fundi alikuwa anaukwaruza ukingo wa benchi kwa ukucha, kama anayetafuta ulipokosewa.

"Umenidhalilisha," alisema. "Ungenyamaza tu."

"Nimenyamaza mwaka mzima. Nimechekwa na majirani, nimenusa mashati yako kama mwendawazimu, nikajiona nimechuja. Kumbe ulikuwa unaumwa, na unaniachia nilale na kiburi chako." Akamgeukia. "Nikinyamaza tena, kitanda chako cha nne kitakuwa cha mtu mmoja. Na hicho atakipiga msumari fundi mwingine."

Fundi akaacha kukwaruza. Majeneza ya mtaa ule yalikuwa yanatoka uani kwake. Aliwajua wenye umri wake aliowapimia, nao walikuwa wamesema ni vumbi, ni uchovu, ni gesi tumboni.

Muuguzi akaita. Mke akabaki amekaa, hasira bado hazijamtoka. Fundi akasimama, akapiga hatua, akarudi kumshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu auze kitanda cha kwanza.

"Twende wote," alisema. "Nikidanganya tena, sema wewe."