Salamu za Saa Sita

Badru aliacha shule kidato cha pili. Yeye na benchi hawakuelewana. Sasa anatengeneza simu Mbwawa, na haijaletwa bado simu ya kumshinda.

Ndiye aliyewatengenezea wakulima wa korosho wa Kurui kikundi cha siri. Unatuma ujumbe, simu yake inafuta jina lako, kisha inausambaza kwa wote. Shangazi yake Hamisa, mshona magunia kwenye ghala la mnunuzi Mashaka, ndiye aliyekuwa akitoboa siri: "Leo mizani imechezewa."

Siku moja akapiga. "Badru, nimekwisha! Mashaka ananishuku."

"Shikamoo shangazi. Kasoma meseji?"

"Marahaba. Hajasoma hata herufi. Anasema kila nikitoka na simu, dakika mbili hazipiti wakulima wanakuja juu. Akiniona tena, kazi sina."

Badru akacheka. "Kumbe jamaa kichwa! Hana haja ya kusoma. Anaangalia nani katuma saa ngapi, na simu za watu zinalia saa ngapi. Tulia, tunampoteza."

Akatoa amri: kila siku saa sita kamili wafanyakazi wote wa ghala watume, mwenye neno na asiye nalo. Simu yake itazishika meseji, izichanganye, izitoe saa nane.

"Mie sina la kusema, nitume nini?" akalalamika Saburi, mpakiaji wa ghala.

"Tuma salamu."

Saburi akatuma "Mambo." Hamisa akaripoti kwamba Mashaka kaliona hilo: mmoja kabonyeza mara moja tu, mwingine kaandika dakika nzima.

Badru akampigia Saburi. "Nani kakufundisha kusalimia kihuni? Salimia kama kwenu! Ulizia wazee, watoto, mbuzi, shamba, mpaka jirani mgomvi."

Keshokutwa yake mizani ikachezewa tena. Saa sita, ghala zima likainamia simu.

"Mnaandika nini nyote?" Mashaka akauliza.

"Salamu, bosi," Hamisa akajibu.

"Ndefu hivyo?"

"Kurui hatusalimii mbiombio."

Saa nane simu zikalia huko mashambani. Hamisa alikuwa mbele ya Mashaka, sindano mkononi, gunia mapajani. Wakulima wakaja na mizani yao wenyewe. Mashaka akawakodolea macho wafanyakazi wake mmoja mmoja, asijue amfukuze nani.

Jioni Badru akapiga. "Shangazi, kazi ipo?"

"Ipo, baba. Wewe hujambo? Watoto? Mbuzi?"

"Shangazi, mimi sina mtoto wala mbuzi!"

"Nisamehe mwanangu, nimeshazoea."