Herufi K Iliyoinama

Mende siwaogopi, nawachukia. Miaka yote hii ninayotengeneza taipureta hapa Misugusugu nimekuta panya wamezaa chini ya vitufe, nimekuta ugali uliokauka, kucha za watu, hata jino. Watu ni wachafu, jamani! Na kinachonitia kinyaa kuliko vyote ni mafuta ya nazi. Mashine ikikwama, mtu wa kwetu haendi kwa fundi. Anachukua chupa ya mafuta anayompaka mtoto nywele, anamimina humo. Wiki mbili inateleza, yeye anajiona mjanja. Mwaka ukipita mafuta yamegeuka ulimbo, vumbi limenasa, na mende wamehamia na ukoo wao mzima.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa ile aliyoniletea mama mmoja kutoka Vihingo, Kisarawe ndani huko, kaifunga kwenye khanga. Nilipoifungua, harufu ikanipiga usoni. Mende mmoja akatoka nyuma ya rola akapita juu ya mkono wangu bila haraka, kama mwenye nyumba.

"Mama, hii mashine au choo?" Nilimwuliza hivyohivyo. Nikichefukwa sina adabu.

Hakukasirika. Alisema ni ya marehemu baba yake, aliyekuwa karani wa ushirika wa korosho. Zamani mzee alimwandikia hati ya kumpa shamba la mikorosho, akaichapa mwenyewe kwa mashine hiyo. Sasa mzee amefariki, na baba yake mdogo anadai hati ni ya uongo, eti kaichapisha juzi tu stesheneri. Shahidi aliyetia sahihi naye alishatangulia, na makaratasi mengine ya mzee yote yameliwa na mchwa. Baada ya arobaini ukoo ungekaa kikao. Hati ikikataliwa, shamba linagawanywa, nusu anachukua huyo baba mdogo.

"Wazee wanataka waione ikiandika mbele yao," alisema. "Ifungue tu, fundi, iandike. Basi."

"Itaandika, mama. Itaandika mpaka washangae."

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa na sharti moja: kabla hujagusa skrubu, chapa herufi zote kwenye karatasi, andika tarehe, itunze. Siku zote nimefanya hivyo. Siku ile sikufanya. Vitufe vilikuwa vizito lakini vilinyanyuka, ningeweza. Ila niweke vidole vyangu kwenye ule utelezi? Karatasi yangu safi niizungushe kwenye rola iliyojaa mavi ya mende? Ptuu! Niling'oa rola, nikaitumbukiza mashine kwenye beseni la petroli, nikasimama pembeni nikiwatazama mende wanavyoelea. Nilifurahi, nisidanganye.

Siku tatu nilikuwa na brashi ya waya na kisu. Niliikwangua huku nikimtukana moyoni yule karani, Mungu anisamehe, mtu aliyesoma akaacha kitu chake kioze namna ile. Tumbo la herufi o lilikuwa limezibwa na uchafu mgumu. Nikalichokonoa kwa pini hadi likawa duara safi. Herufi k ilikuwa imeinamia kulia. Nikaikamata kwa koleo, nikainyoosha taratibu mpaka ikasimama wima na wenzake. Nani alinituma? Hakuna. Kiherehere changu tu. Nilikuwa nimechukizwa kiasi kwamba sikutaka kibaki ndani yake kitu chochote cha yule mzee.

Mama alipokuja kuichukua, alishika mdomo. "Mashallah! Kama mpya!" Mimi kichwa kikavimba.

Akatoa bahasha, akaifungua hati yake mezani, akaniomba karatasi. Akachapa kwa kidole kimoja: shamba la mikorosho. Kisha akaziweka karatasi mbili pamoja, akainama.

Kwenye hati ya baba yake, kila k ilikuwa imelala upande. Kila o ilikuwa doa jeusi. Kwenye karatasi yangu zilisimama safi, nzuri, za mashine nyingine kabisa.

"Fundi," alisema. "Ile k iko wapi?"

Nikamwambia nimeinyoosha mwenyewe, kwa koleo.

"Baba alikuwa anaicheka, akisema ina kibyongo. Nilitaka wazee waione, wafananishe. Sikukwambia kwa sababu nilijua unaifungua tu."

Nikashika koleo. "Dakika tano, mama. Naiinamisha tena. Ile o naiziba kwa nta, hakuna atakayejua."

Akauweka mkono wake juu ya mashine. "Hapo ndipo nitakuwa nimeghushi kweli. Hati yangu ni ya halali, fundi. Nitaapaje?"

Nilijiona mchafu mbele yake, mimi ninayewaita watu wachafu.

Nilikwenda kwenye kikao. Nilieleza yote: mafuta, petroli, pini, koleo. Wazee walinisikiliza vizuri, hawakunidharau. Baba mdogo akaniuliza kama ninayo karatasi niliyochapa kabla sijaitengeneza, maana kamsikia fundi mmoja akisema huwa wanafanya hivyo.

"Sina, mzee."

"Kwa nini?"

"Niliona kinyaa."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwenyekiti wa kikao akachapa mstari mwenyewe, akaupeleka mwangani pamoja na hati, akatikisa kichwa. Shamba likagawanywa.

Tulipokuwa tunatawanyika baba mdogo akanifuata. Nikamwamkia, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba," akaninyooshea mkono.

"Kazi yako nzuri sana, fundi. Hongera."

Ni mkubwa wangu, nikaupokea. Hatua mbili kutoka pale yule mama alikuwa anaifunga mashine kwenye khanga yake. Ilikuwa inang'aa, haina hata mende mmoja.