Mahali Atakaposhuka

Wiki iliyopita, kwenye dirisha la tiketi la stesheni ya Korogwe, mbele yangu alisimama bibi mmoja wa Handeni, khanga zake zimejaa vumbi la lori.

"Shikamoo, bibi. Nikukatie ya wapi?" karani aliuliza.

"Marahaba, baba. Sisafiri. Namngoja mwanangu atoke Moshi."

"Anakuja na treni ya leo?"

"Sijui. Ya leo, au ya kesho."

Karani akacheka. "Si umngojee nyumbani, bibi? Ana miguu, atafika."

"Atafika wapi?" Bibi aliinua mkono kuelekea Handeni, kisha akaushusha. "Tumehamia kijiji cha ujamaa. Kule alikozaliwa hakubaki hata mtu wa kumwelekeza. Lakini hapa ndipo nilipomuaga. Hapa atashuka."

Karani akaacha kucheka. Akatoka, akafungua chumba cha kungojea, ambacho ni cha wenye tiketi tu, akampangusia benchi.

Treni ilipoingia, bibi alipita mabehewa ya daraja la tatu, dirisha kwa dirisha, akiwatazama vijana usoni. "Alipoondoka hakuwa na ndevu," aliniambia, kama anayeomba radhi.

Wasomaji wangu, tunaisifu reli kwa mkonge inaoubeba. Mimi siku ile niliisifu kwa kukaa pale pale.

Nilipokuwa napanda, bibi alinishika mkono, akanitazama kidevu kwa muda mrefu. Nami, mwenye mama yangu mzima kule Lutindi, nilitamani aniite mwanawe.